Saluni yangu ya bolti: nimeifumua Tabata, nimeifunga tena Kinyerezi, haya ndio maoni yangu

Haya jamani, mlioniuliza kuhusu banda langu la chuma, wengine mnaniuliza tangu 2022 nikawa nawajibu "subirini kwanza", sa hivi naweza kusema kitu. Mwanzo nilikuwa siwezi kwa sababu lile banda nililinunua kwa sifa moja tu, kwamba linafunguka, yaani limefungwa kwa bolti unalifumua vipande vipande unahama nalo, na kitu kinachosifiwa kwa kufunguka huwezi kukisifia kikiwa kimefungwa. Lilikuwa zuri, halivuji, wateja wanapigia picha mlangoni, lakini hata la kuchomelea lingekuwa hivo hivo. Mwezi wa sita 2025 ndio nimelifumua kwa mara ya kwanza, nimelipakia kwenye kirikuu, nimelisimamisha upya Kinyerezi, na hapa naandika nikiwa ndani yake, mteja yuko kwenye draya ana dakika arobaini kwa hiyo nina muda.

Nyota tatu na nusu kwa tano. Ingekuwa nne na nusu kama si mambo manne ya kwenye kona, nitayafikia.

Kwa wasionijua mi ni msusi, saluni yangu ilikuwa Tabata kwenye kiwanja cha kukodi, barabarani kabisa. Kiwanja cha mama mmoja mtu mzima, tuliandikishana kwa mjumbe, nalipa kodi ya ardhi tupu na juu yake najijengea mwenyewe. Sasa hapo ndipo watu wengi wa mjini huu tunapoliwa. Unajenga fremu ya tofali kwenye kiwanja cha mtu, unaweka vigae, unapiga jipsamu, miaka miwili mwenye kiwanja anapata mnunuzi, we unaondoka na mlango wako na geti basi. Jirani yangu wa vipodozi yalimkuta hayo, alitoka na mlango wa alumini begani na tukamchangia nauli ya bajaji.

Ila mi sababu yangu ya kutaka chuma cha kufungua ilikuwa ya zamani kidogo. Shangazi yangu alikuwa na nyumba Kimara, mnakumbuka ile bomoabomoa ya 2017 ya kupanua barabara ya Morogoro, yeye alikuwemo ndani ya ile alama ya X. Tulienda familia nzima kuokoa tunachoweza kabla mtambo haujafika. Nilijifunza siku ile vitu ambavyo sikuwahi kuvifikiria. Milango ya mninga ilitoka vizuri, fremu zake zikang'oka na kipande cha ukuta. Bati la juu lilikuwa limepigwa misumari, ukiingiza mtaimbo kuinua msumari bati linachanika, kati ya bati tano unapata mbili za kuezekea banda la kuku. Mbao za kenchi zilikuwa bado nzima lakini misumari ya inchi nne imepigwa kila mahali kama mtu alikuwa anagombana nazo, kuitoa unapasua mbao. Na tofali ndio usiseme, kaka yangu alisema tufumue tofali tukajengee choo cha bibi, tukapiga nyundo kwenye maungio, ikapasuka tofali lakini maungio hata hayana habari. Saruji ilikuwa ngumu kuliko tofali lenyewe. Kifusi kile kilikuja kuzolewa kwenda kujaza mashimo, na nondo walizichukua vijana wa chuma chakavu kwa kilo.

Halafu kuna babu yetu mwingine Bagamoyo nyumba yake ya mawe na chokaa ilipoanguka upande mmoja, mawe yale yale yaligongwa kidogo chokaa ikadondoka, yakajengewa ukuta tena. Chokaa ni laini kuliko jiwe, inakubali kuachia. Nikawa najiuliza hivi kwa nini tumejenga vitu ambavyo haviachii.

Sasa turudi kwenye banda.

Februari 2022 nikaenda kule Gerezani kwa mafundi chuma. Nilizunguka karakana kama sita hivi, kila mchomeleaji nikimwambia nataka banda la mita tatu kwa nne ambalo naweza kulifungua ananiambia "dada tukuchomelee tu, ukihama tunakuja na grenda tunakata". Kukata sio kufungua. Ukikata nguzo inakuwa fupi, ukichomelea tena inakuwa na kovu, mara ya tatu una banda la watoto. Mwisho nikampata fundi mmoja, jina la karakana sitalitaja kwa sababu utaona mbele, ambaye aliposikia hakucheka, alichukua chaki akachora chini pale pale kwenye sakafu. Akaniambia nguzo sita za skwea paipu inchi mbili kwa mbili, kila nguzo chini ina pleti yenye matundu manne, pleti inakaa juu ya mguu wa zege wenye bolti zilizozikwa, juu kenchi tatu zinakuja zimeshachomelewa zenyewe kama ngazi halafu zinafungwa kwenye nguzo kwa bolti. Ukuta ni paneli, yaani fremu ya chuma chembamba imevalishwa bati nje na plaiwudi ndani, inafungwa kwenye nguzo bolti mbili juu mbili chini. Bei milioni 4 na laki 3, nikapunguziwa nikapewa kofia ya taa ya nje bure, asante.

Siku hizo nilikuwa na mteja wangu, binti anasoma pale Chuo Kikuu Ardhi, nikawa namsuka huku namsimulia. Akaniambia hii mambo ina watu wanaoisomea kabisa, unasanifu jengo ukijua litakuja kufumuliwa. Akanionesha kwenye simu kibanda kikubwa walichojenga Uholanzi, Eindhoven, 2017 kwenye maonesho yao ya usanifu, vifaa vyote ni vya kuazima, mbao za kuazima, vioo vya kuazima, hakuna kutoboa, hakuna gundi, wamefunga kwa mikanda kama ile ya kufungia mizigo kwenye lori, maonesho yakaisha vitu vikarudi kwa wenyewe. Nikamwambia sasa hiyo si ndio kazi yangu.

Msusi ye yote anajua hii. Nywele unazisuka ukijua zitafumuliwa. Wiving ya kushona, siku ya kufumua unakata uzi, unatoa, unaosha, nywele ile ile mtu anavaa tena mara ya pili ya tatu. Wiving ya gundi inapendeza, haichukui muda kuiweka, mteja anafurahi siku hiyo, siku ya kutoa anatoka na gundi kwenye nywele, nywele kwenye gundi, na kipara cha pembeni juu. Ndo nilivyomwambia fundi: nataka kushona, sitaki gundi. Akacheka akasema ameelewa. Alielewa asilimia tisini.

Yule binti alinipa na ushauri mwingine ambao ulinisaidia kuliko wote. Alisema angalia kipi kitachoka mapema, usikiweke nyuma ya kinachodumu. Rangi inachoka kabla ya bati, bati linachoka kabla ya nguzo, waya na bomba vinabadilika kila ukibadilisha mawazo. Kwa hiyo umeme nikakataa usipite ndani ya paneli, ukapita kwenye trankingi ya plastiki juu ya plaiwudi, fundi umeme alisema haipendezi, nikamwambia baba mi ndio nalipa. Sinki la kuoshea nywele likawekwa kwenye stendi yake lenyewe na mpira wa kukaza kwa klipu, halijaingia ukutani. Na sakafu nikakataa zege na vigae. Nikaweka pevingi, zile tofali za zege za kupanga chini, juu ya mchanga, zikabanwa pembeni na ukingo, juu nikatandika kapeti la plastiki. Hapo kwenye sakafu ndo watu walinicheka sana, "saluni gani ina pevingi ndani kama yadi ya bia". Subirini.

Kuishi nalo kwa miaka mitatu sitasema sana. Joto lipo, ni bati, mwezi wa kwanza na wa pili ukiwa na draya mbili unalia, niliweka dari ya plaiwudi kwa skrubu na nafasi ya hewa juu ikasaidia. Mvua ikipiga humsikii mteja. Mei 2024 kile kimbunga Hidaya kilipokuwa kinapiga kule Mafia, upepo ukatufikia na huku, mi usiku ule sikulala, nilikuwa naona bati zangu zinaruka mpaka Segerea, asubuhi nikaenda na maombi mdomoni nikakuta halijatikisika. Sasa wale wanaosema bolti hazina nguvu kama kuchomelea, mi sio injinia, nawaambia tu nilichokiona.

Mwezi wa tano 2025 mama mwenye kiwanja akaniita. Nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, akanikaribisha chai nikajua tayari. Ukiona mwenye kiwanja anakukaribisha chai na chapati, kiwanja kimeuzwa. Akanipa mwezi mmoja, na kiukweli alikuwa mstaarabu, akaniambia "hilo lako si unabeba?" Nikajibu nabeba mama, kifua mbele kabisa, wakati moyoni nasema ee Mungu libebeke.

Siku ya kufumua nilichukua vijana watatu, sio wale wa Gerezani kwa sababu walikuwa na kazi Mkuranga. Nilikuwa na spana zangu, namba 19 mbili na namba 17, na daftari. Banda lilikuwa na bolti 96 za fremu, nilihesabu siku ya kulifunga. Nikasema leo kila bolti nitaiandika imetokaje.

Zilizofunguka kwa spana tu bila shida ni 71. Zilizogoma tukazimwagia oili chafu na mafuta ya taa tukalala, asubuhi zikafunguka ni 14. Zilizokataa katakata mpaka grenda ni 11. Na ukiangalia hizo 11 zote ziko sehemu mbili, chini kwenye pleti za nguzo ambako maji ya kuosha nywele yalikuwa yanapita, na ukuta wa nyuma ambao haupati jua. Kutu. Fundi alikuwa ameniwekea bolti nyeusi za kawaida, zile zilizopakwa zinki alisema ni gharama bila faida. Hii Dar, hewa yenyewe ina chumvi. Tofauti ya bei kwa bolti zote ingekuwa ndogo kuliko hela niliyokula chipsi wiki ile ya kuhama. Kwa hiyo hapo nakata nusu nyota, na nusu nyota nyingine najikata mwenyewe kwa sababu hata grisi sikuwahi kupaka, miaka mitatu.

Sasa kona.

Tumefungua paneli zote, bati la juu limeshuka, tunafika kwenye kenchi, kijana yuko juu ya ngazi ananiambia "mama, hii haina bolti". Nikamwambia angalia vizuri. "Bolti ipo lakini na welding ipo." Nikapanda mwenyewe. Kona zote nne za nje, yaani pale kenchi ya mbele na ya nyuma zinapokaa juu ya nguzo, kulikuwa na bolti imefungwa vizuri na juu yake wamepiga mshono wa kuchomelea, na wamepaka rangi isionekane. Yani wameshona, halafu wakapiga gundi juu ya uzi. Sikujua nicheke au nikae chini. Miaka mitatu nimekaa chini ya banda linalofunguka ambalo lilikuwa halifunguki.

Nikampigia fundi. Akapokea vizuri, akasema hakuwepo siku hiyo ya mwisho, kijana wake aliona kenchi inacheza kidogo akaona aongeze uimara, "dada alikuwa anakutakia mema". Naamini kabisa. Hicho ndicho kinachoniuma, hakuna aliyetaka kuniibia. Kijana kafundishwa maisha yake yote kwamba kitu imara ni kile kisichotoka, kakuta kinachotoka kakirekebisha. Kenchi ilikuwa inacheza kwa sababu tundu lilikuwa kubwa kuliko bolti, dawa yake ilikuwa ile pete ya bolti, washa, iwe pana, na kukaza, sio moto. Tukakata kwa grenda pole pole, nguzo moja ikaliwa milimita kadhaa, bati moja lililokuwa karibu likaungua na kutoboka. Fundi alinirudishia elfu sitini ya diski na mchomeleaji wa kurekebisha, na maneno mengi mazuri. Elfu sitini nimeipokea.

Shida nyingine ni alama. Walipofunga mara ya kwanza waliandika kila kipande kwa makapeni, A1, A2, B1 na kadhalika, mi nikafurahi nikajua tupo Ulaya. Miaka mitatu ya jua, makapeni imefutika yote ya nje. Kilichobaki ni paneli mbili ambazo kijana mmoja alikuwa amezigonga herufi kwa patasi kwenye chuma, sijui kwa nini hizo mbili tu, labda kalamu ilimwishia. Hizo mbili zilirudi mahali pake bila mjadala. Zingine tulicheza nazo kama karata, paneli mbili zinafanana kwa macho lakini matundu yamepishana kidogo, tumepoteza nusu siku Kinyerezi kwa sababu ya karata hizo. Na mchoro? Mchoro ulikuwa ule wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Mwisho nilienda kwenye simu nikatafuta picha nilizopiga mwenyewe 2022, picha za kujionesha, mimi nimesimama mbele nyuma yangu fundi anafunga paneli, tukawa tunaangalia nyuma ya kichwa changu ipi ni ipi. Basi majigambo yangu yamenisaidia.

Mazuri sasa, maana kwenye mazuri lilinishangaza. Bati zilikuwa 22 juu na pembeni, zimerudi 20. Moja hilo lililoungua na moja lilikunjwa na upepo kwenye kirikuu tukiwa Segerea, kosa letu, tulifunga kamba vibaya. Zilipona kwa sababu zilifungwa kwa zile skrubu zenye mpira, unarudisha drili kinyume inatoka, haichani. Wakati wa kurudisha ukipitisha skrubu ile ile kwenye tundu lile lile inalegea, kwa hiyo tulinunua nene kidogo na mipira mipya. Plaiwudi ya ndani zote zimerudi isipokuwa moja iliyokuwa nyuma ya sinki, imevimba, hilo nililitarajia. Trankingi na waya, nzima kabisa, fundi umeme yule yule aliyesema haipendezi alitumia saa moja na nusu kufungua na hakusema kitu, na mi sikumkumbusha. Nilimkumbusha kidogo.

Na pevingi! Wale mlionicheka. Vijana wawili, jembe moja, asubuhi mpaka saa sita sakafu yote ilikuwa imepangwa pembeni kama matofali dukani, zilizovunjika nne. Mchanga wenyewe nilimwachia mama mwenye kiwanja. Hebu nioneshe mtu aliyehama na vigae vyake.

Miguu ya zege tuliiacha, hiyo ilibaki Tabata, na hilo nilijua tangu mwanzo. Yule binti wa Ardhi aliniambia ingewezekana kutengeneza miguu ya kubebeka, zege lililomwagwa kwenye ndoo kubwa na bolti katikati. Kwa Kinyerezi nimefanya hivo, ndoo za rangi za lita ishirini, miwili kila nguzo. Kama nikihama tena nitawaambia mgongo wa nani ulizibeba.

Gharama yote ya kuhama, kwa wanaopiga hesabu: vijana laki 3 na elfu ishirini, kirikuu safari tatu laki na ishirini, skrubu, bolti mpya za zinki safari hii, silikoni na rangi laki na elfu kumi, grenda na mchomeleaji elfu sitini ambayo imerudi. Jumla laki sita na elfu kumi kabla ya kurudishiwa. Siku tatu na nusu bila kufanya kazi, na hiyo nusu siku ni ile karata. Kwa laki sita huwezi kupata hata msingi wa fremu ya tofali.

Kuna watakaosema si ungenunua kontena. Nilifikiria. Kontena la futi ishirini lenyewe ni nyumba ya kuhama tayari, na likiwa zima unauza kwa bei ya maana. Lakini kulihamisha lazima gari la winchi, na njia ya kuingia kiwanjani iwe pana, huku kwetu mitaani waya za umeme zimelala kama kamba za kuanikia. Na kontena ni futi nane upana basi, ukiweka viti vya wateja pande mbili mi napita kiubavu. Banda langu kila kipande kinabebwa na watu wawili na kinapita uchochoroni. Hilo kwa mtaa wetu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Halafu wale wanawake wa Wagabra kule kaskazini mwa Kenya wanafumua nyumba nzima wanampakia ngamia asubuhi wanaifunga jioni kwingine, na hawana winchi, kwa hiyo ukubwa wa kipande ndio siri, sio chuma.

Mtu mmoja aliniuliza mbona Qatar wamejenga uwanja wa kufumua na hawajaufumua. Ni kweli, ule uwanja wa 974, makontena 974, namba ile ile ya kuanzia simu za nchi yao, wakausifia kombe la dunia 2022 kwamba ni wa kufumuliwa ukapelekwe kwingine. Brazil iliwapiga Korea Kusini nne moja mle ndani, tulidhani ndio mechi ya kuuaga. Desemba 2024 nikawasha tivii nikakuta Pachuca wanawapiga Botafogo tatu bila kwenye uwanja ule ule. Mi siwalaumu, hata mimi kama mama asingeuza kiwanja nisingegusa hata nati. Ila nadhani wangetakiwa wapite na spana mara moja moja, kona zile zote, wajue kama hakuna kijana aliyewatakia mema.

Kwa anayetaka kuagiza la kwake, mi bado namtuma kwa fundi yule yule, nipigie nikupe, hapa simtaji. Anajua kazi na bei yake ni ya ubinadamu. Ila mwambie mambo haya kabla hujatoa hela: bolti za zinki zote, za chini uombe na grisi, kila kipande kigongwe namba kwa patasi, makapeni hapana, mchoro kwenye karatasi na nakala kwenye simu yako, na siku ya kufunga kaa pale mwenyewe mpaka mwisho, ukisikia mlio wa mashine ya kuchomelea baada ya banda kusimama, piga kelele. Mi safari hii nilikaa. Kijana mmoja alichukua holda ya kuchomelea akanisogelea kona ya nyuma, nikamwangalia, akairudisha chini.

Kingine, ukimaliza kufunga kama una siku moja ya ziada, fungua paneli moja uirudishe. Moja tu. Fundi atakuona mjinga, lipa soda. Ningefanya hivo 2022 na kenchi moja, ningejua siku ile ile.

Bolti za akiba ninazo ishirini kwenye kopo la maziwa chini ya sinki, na spana namba 19 inaning'inia ukutani pembeni ya kioo, wateja wanadhani ni urembo. Anayetaka kuja kuliona aje Jumatatu, wateja wanakuwa wachache. Wikiendi msinisumbue, na huyu wa draya dakika zake zimeisha.